Niliyaimba Maji Yasiyokuwepo

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kidogo, hazitaoza. Mwezi uliopita mlikuja kwenye ukumbi wa kanisa letu na fulana zenu za rangi moja, mkatuambia sisi wazee kwamba sanaa imebadilisha dunia tangu zamani. Mkabandika picha ukutani. Mkasema kuna nyimbo zilizoangusha watawala, kuna michoro iliyofungua magereza, kuna michezo ya jukwaani iliyoamsha nchi nzima. Nilisikiliza mpaka mwisho, na mandazi yenu nikala. Halafu mmoja wenu, msichana mwenye miwani, akaniinamia akaniuliza kwa ile sauti mnayowawekea watoto wadogo na wazee: "Nyanya, na wewe umewahi kuona sanaa ikibadilisha kitu hapa kwenu?"

Nikamwambia ndiyo, iliwahi kutunyima maji.

Mkacheka, mkapiga makofi, mkaendelea na picha zenu. Mlidhani nawatania. Mimi sitanii watu nisiowajua. Kwa hiyo nimechukua daftari nimeandika mwenyewe, na mwandiko wangu mtauvumilia. Nilitoka shuleni darasa la nne, mdogo wangu alipozaliwa ukatafutwa mgongo wa kumbeba, ukaonekana ni wangu.

Nilizaliwa Bura, juu kule, ambako maji hupita nyuma ya jiko yakienda zake na hakuna anayeyashukuru. Nikaolewa huku chini, upande wa Voi, ambako mvua huja kama jamaa tajiri: mara moja kwa mwaka, haikai, na ikiondoka inakuachia matope ya kufagia.

Kuhusu hiyo sanaa na historia, msidhani mmetuletea habari mpya. Bibi yangu alisimulia kwamba watu wa dini walipofika milimani walikataza ngoma, nyingine wakazichoma. Nilipokuwa mtoto nilishangaa sana. Gogo lililotobolewa na ngozi ya mbuzi, vinamtisha nini mtu mzima mwenye Mungu upande wake? Baadaye nilielewa kwamba walikuwa wameona watu wakicheza, na walijua kusoma yaliyomo ndani ya ngoma. Sasa hivi Jumapili ngoma ikikosekana kanisani, padri mwenyewe anauliza iko wapi.

Na shuleni, katika miaka yangu hiyo minne, tulifundishwa wimbo wa kumsifu mkubwa fulani aliyekuwa apite barabarani. Majuma matatu hatukusoma hesabu, tulisoma sifa. Siku yenyewe tukapangwa kando ya barabara tangu asubuhi, tukiwa na njaa. Magari yakapita kama yanafukuzwa. Tulikuwa kwenye ubeti wa kwanza, neno la pili. Huo nao ni mchango wa sanaa katika siasa. Sikuuona ukutani kwenu.

Mama yangu yeye alifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Wanawake walibeba mizigo ya majani wakiimba, na nyapara alipenda kuimba kwao, kwa sababu miguu hufuata wimbo na kazi huenda. Kulikuwa na mwenzao mmoja aliyekuwa amejifungua. Nyapara akakataa asikae kivulini kunyonyesha. Hawakugombana naye. Kesho yake walifika mapema, wakafanya kazi yote, na hawakuimba. Basi. Mama alisema kufikia saa sita nyapara alikuwa anazunguka akiuliza, "Kwani kuna msiba? Nani amekufa?" Hakuna aliyemjibu. Siku ya tatu yule mzazi alipewa kivuli. Mama alinisimulia hayo akichambua maharagwe, na hakuinua sauti hata kidogo.

Nami nilirithi kazi ya mdomo. Kikundi chetu cha akina mama kikiitwa mahali, mimi ndiye ninayeanzisha, wenzangu wanaitikia. Harusi, ibada, wageni wa shule, waheshimiwa wa kila rangi. Tuna leso za sare tano, kila moja na sura ya mtu aliyeahidi kitu.

Hapa lazima niwaeleze namna yetu ya kushukuru, maana hapo ndipo tulipojikwaa. Sisi akina mama wa huku hatungoji mtu atoe ndipo tumshukuru. Tunamshukuru kwanza. Mjomba akiitwa kwenye mipango ya mahari, na anajulikana ana mkono mgumu, huyo anaimbiwa tangu langoni: mjomba ameleta mbuzi, mjomba ameleta dume, njooni mumwone mjomba. Hajaleta hata kuku. Lakini akishaimbiwa mbele ya wakwe, atatokea wapi? Nimewaona wajomba wakitokwa na jasho, wakinong'ona na wake zao nyuma ya nyumba, na baada ya kitambo mbuzi anasikika akilia njiani. Njia hiyo haijatuangusha miaka yote. Kasoro yake ni moja tu, kwamba inahitaji mtu mwenye haya.

Mheshimiwa wetu alikuja kuzindua tangi la maji. Lilikuwa limesimamishwa juu ya nguzo karibu na soko, limepakwa buluu, na chini yake mfereji mpya unang'aa hadi unaumiza macho. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaletewa maji na boza la serikali kila Alhamisi, lori lile lenye pipa kubwa mgongoni. Likija tunajaza, lisipokuja tunakwenda bwawani, na bwawa ni la ndovu kabla ya kuwa letu. Kwa hiyo tangi lilikuwa jambo kubwa. Nilitunga wimbo juma zima, nikiwa shambani na nikiwa jikoni. Ulikuwa hivi:

Maji yamefika mlangoni,
mama tua mtungi, pumzisha mgongo.
Aliyeyaleta asimame tumwone,
tumshike mkono ungali na maji.

Ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Mheshimiwa alishuka kwenye gari akicheza. Alicheza mpaka kwenye hema, akacheza mbele ya hema, akanishika mkono ambao haukuwa na tone. Vijana wake walikuwa na simu pande zote, wakimpiga picha yeye na mimi, mimi na yeye. Akakata utepe. Mfereji haukufunguliwa, kwa sababu muda ulikuwa umebana na alikuwa anangojwa Mboghoni, kwenye mashamba ya kumwagilia, akawazindulie maji watu ambao tayari wanayo. Akasema yetu yatafunguliwa hivi karibuni. Tukanywa soda. Nilirudi nyumbani nimeridhika kabisa. Nilijua nimemfunga kama nilivyofunga wajomba.

Alhamisi iliyofuata boza halikuja. Ya pili halikuja. Ya tatu mimi na mwenyekiti wa kikundi tukashika njia kwenda mjini Voi, kwenye ofisi wanakoandika nani apelekewe boza. Tulimkuta kijana mmoja mpole sana, shati limepigwa pasi. Alituitikia vizuri, akatafuta jina la kijiji chetu kwenye kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Nyinyi mmeshatolewa, mama. Nyinyi mna maji."

"Yako wapi?" nikamuuliza.

Akatoa simu yake, akaipangusa, akatugeuzia. Nikajiona nimesimama mbele ya hema, mdomo wazi, leso mpya.

"Si ni wewe huyu, mama?"

"Ni mimi."

"Na unasema nini hapo?"

"Sisemi. Naimba."

"Haya, unaimba nini?"

Mwenyekiti akanisaidia, Mungu ambariki. "Anaimba maji yamefika."

"Basi, mama," kijana akasema, na wala hakuwa na ubaya, "yamefika. Video hii ameiona kila mtu hapa, mpaka mkubwa wangu. Ilipelekwa ikawa ndiyo ushahidi wa mradi kukamilika. Sasa mnataka niandike nini? Kwamba uliimba uongo?"

Vijana wa fulana, hapo ndipo mngenipigia makofi. Watu wameandika barua miaka mingi, wameandamana, wamekaa vikao na chifu, na jina la kijiji chetu halikusogea popote. Mimi kwa beti chache nililitoa kwenye orodha ya wenye kiu nikaliweka kwenye orodha ya walioshiba. Bila tone moja. Wimbo gani kwenye picha zenu uliwahi kufanya kazi haraka hivyo?

Njiani kurudi, mwenyekiti alitangulia mpaka tulipovuka reli. Halafu akasema, "Na sauti yako nayo ilivyo kubwa. Ungepiga chafya tu katikati, labda wangekuwa na shaka."

Nyumbani kwangu naishi na mke wa mwanangu na wajukuu wawili wa kike. Mwanangu yuko Mombasa kazini, huja mwisho wa mwezi. Mke wake wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba iliyokuja baada ya nyingine mbili kutoka. Boza lilipokatwa akaanza kwenda bwawani alfajiri na wenzake. Nilimkataza. Akaniuliza tutakunywa nini, akachukua mtungi akaenda. Kila mtu katika nchi hii alikuwa ameshaarifiwa kwamba sisi tuna maji, isipokuwa ndovu. Wao hawakuiona video. Asubuhi moja wakawakuta wanawake ukingoni. Wote walikimbia, na yeye akakimbia na tumbo lake, akaanguka ubavu juu ya mawe.

Bodaboda ilimpeleka hospitali akiwa katikati, dereva mbele na mimi nyuma nimemshika. Mtoto hakutoka. Daktari alisema ameshikilia, lakini mama asinyanyue chochote mpaka siku ya kujifungua. Hata ndoo. Akirudia safari ya bwawani, mtoto huyu naye atakwenda kama wengine. Akatuandikia dawa, akatuambia anywe maji mengi.

Tuliporudi nyumbani alilala kitandani akatazama mabati. Akasema, "Mama, si ulituambia tutue mtungi?"

Alikuwa anatania. Hata alicheka kidogo. Lakini mimi nilitoka nje nikautwaa mtungi wake.

Tangu siku hiyo bwawani nikawa naenda mimi, na magoti yangu haya, nusu mtungi kwa safari. Wajukuu sikuwaruhusu. Nilihesabu majuma yaliyobaki ya ile mimba na nilihesabu magoti yangu, na hesabu hazikukubaliana.

Ndipo akaja kijana wa itifaki. Huyo ndiye mtu wa mheshimiwa anayetangulia kupanga viti na watu wa kufurahi. Tangi lilikuwa limepakwa rangi ya kijani juu ya ile buluu, akasema linazinduliwa awamu ya pili. Sikujua kwamba kitu ambacho hakijafanya kazi kinaweza kuwa na awamu.

"Na ule wimbo, mathe," akaniambia, "ule wa mtungi. Ulibamba sana. Mheshimiwa ameuomba yeye mwenyewe."

"Mimi si mathe wako. Maji yapo?"

"Yatakuwepo."

"Na wimbo utakuwepo," nikamwambia. Akaenda zake amefurahi.

Tulikutana kwa mwenyekiti tukiwa na katani zetu, kila mmoja anasuka kikapu chake. Mwenyekiti alitaka tuimbe. Leso mpya zilikuwa zimeshaahidiwa, na mwanawe alikuwa anatafuta kazi. Mwingine akasema tumwimbie matusi, tumwambie ukweli wake hadharani.

"Atacheza," nikasema. "Yule akisikia makofi haulizi maneno. Mkimwita mwizi kwa sauti nzuri, atacheza mpaka kwenye hema."

"Sasa tufanye nini?"

Nikawaambia ya mama yangu na mkonge. Tutakwenda, tutavaa sare, tutakaa chini ya mfereji na mitungi yetu, tusuke vikapu. Yakitoka, tutaimba mpaka koo zipasuke. Yasipotoka, hatuna la kusema.

"Na akikasirika?" mwenyekiti akauliza.

"Akikasirika atatunyima nini? Maji?"

Wakacheka, na mwenyekiti akacheka mwisho, lakini akacheka.

Siku yenyewe watu walijaa, maana soko lilikuwa wazi. Magari ya mheshimiwa yakafika, yakasimama barabarani, na milango haikufunguka. Tuliendelea kusuka. Kijana wa itifaki akaja mbio, tai imegeukia begani.

"Akina mama, anzisheni!"

"Tunangoja," nikasema.

"Mnangoja nini?"

"Maji. Wimbo unasema yamefika. Yakifika tutasema."

"Mama, mheshimiwa hawezi kushuka hivihivi!"

"Kwani miguu inamsumbua?"

Akarudi garini. Dirisha likashuka kidogo, likapanda. Hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimelijua miaka yote nikiimba: mtu yule hakuwa na njia ya kutembea kutoka gari mpaka kiti. Sisi ndio tuliokuwa barabara yake. Alikaa mle ndani, vioo vimefungwa, na sokoni watu wakaanza kuchungulia wakiuliza kama ameugua.

Halafu spika zikanguruma, na nikasikia sauti yangu mwenyewe. Walikuwa wameweka ile video. Maji yamefika mlangoni, mama tua mtungi. Mheshimiwa akashuka akicheza, mikono juu, peke yake, na watu wakatazama spika, wakanitazama mimi nimefunga mdomo nasuka kikapu, wakatazama spika tena. Muuza nyanya mmoja akaanza kucheka. Kicheko kile kilitembea soko zima, na mheshimiwa alidhani ni furaha, akaongeza mwendo.

Nilisimama. Nikaweka mtungi wangu chini ya mfereji nikaufungua mpaka mwisho. Ukakohoa. Ukatoa hewa, halafu mchanga kidogo, halafu buibui mmoja aliyekuwa anaishi kwa amani humo ndani. Na spika bado inaniimba, tumshike mkono ungali na maji. Simu zote zikainuka, safari hii si za vijana wake.

"Fundi!" mheshimiwa akaita. "Fundi yuko wapi?"

Hakukuwa na fundi. Mzee mmoja muuza kuku akazunguka nyuma ya tangi, akaliangalia bomba lililoteremka kando ya nguzo, akalifuata kwa macho. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Bomba hili linaishia kwenye nyasi."

Na kweli lilikuwa linaishia kwenye nyasi. Bomba kubwa la maji lipo barabarani, tangi lipo sokoni, na katikati hakuna aliyechimba. Si mbali. Mimi na magoti haya naipita njia hiyo bila kupumzika. Mheshimiwa hakuketi. Alisema hotuba fupi, na kwa kuwa hakukuwa na nyimbo za kuikata katikati, kwa mara ya kwanza tuliisikia yote. Haikuwa na kitu.

Video ya mtungi mkavu ilitembea kuliko ya kwanza. Kabla ya juma kwisha yule kijana mpole wa ofisini alimpigia mwenyekiti simu, akasema faili yetu imefunguliwa tena. Boza likarudi Alhamisi. Wachimbaji wakaja na majembe, wakatuambia wamepewa haraka isiyo ya kawaida. Nami nilikuwa naenda kila asubuhi kuwatazama, nimesimama tu, mikono nyuma. Mmoja aliniomba niwaimbie kidogo wachangamke. Nikamwambia achangamkie jembe.

Kwa hiyo mkirudi na picha zenu, nami nina langu la kubandika. Wimbo wangu mzuri kuliko zote ulitukausha, na siku niliyokaa kimya ndiyo siku serikali ilinisikia. Sijui hilo mtaliandika upande gani wa ukuta. Mimi sijaacha kuimba. Ila sasa nauliza kwanza wimbo unakwenda wapi ukitoka mdomoni mwangu, na nani ataubeba, na ataufanya hati ya nini.

Maji yalitoka alasiri moja, ya kahawia kwanza, halafu meupe. Tumbo la mke wa mwanangu lilikuwa limefika miezi tisa, na bado limeshikilia. Soko lote likapiga vigelegele. Akina mama wakaja mbio kuniita nikaanzishe, na kijana wa itifaki alikuwa ameshafika na watu wa kamera, sijui aliarifiwa na nani. Wajukuu wangu walikuwa wameshafungua midomo. Mama yao alikuwa ameinuka kitandani, ameshika mtungi mkononi.

Nikasimama mlangoni, nikawaambia: "Fungeni midomo. Chukueni mitungi, pipa, masufuria, na birika la chai, mkajaze vyote, mkirudi mjaze vya jirani. Nikisikia mtu wa nyumba hii anaimba kabla sijayanywa na kuyalaza ndani mpaka kesho, hatalala hapa. Na wewe, weka huo mtungi chini ukae. Utaletewa."